Njia nyingine za kuachana na pombe: mwongozo wa hatua kwa hatua

Saa 1 asubuhi kilabuni kuna wateja ambao mama muuzaji huwajazia nusu glasi. Hawajaomba nusu. Mama anajua akijaza hadi juu, nyingine itaishia mezani, maana mikono inatetemeka. Mteja huinama, hushika glasi kwa mikono miwili, mdomo ndio unaoifuata glasi. Dakika 20 baadaye mikono imetulia, anawasha sigara mwenyewe na kusimulia mpira wa jana vizuri tu. Nilikuwa mmoja wa hao wa nusu glasi.

Mtu wa namna hiyo kila mtu ana neno lake kwake: amua tu, acha. Kanisani anaambiwa aokoke, msikitini atubu, nyumbani aone aibu mbele ya watoto. Wapo walioacha hivyo na sina ubishi nao. Ninayemwandikia ni yule aliyejaribu mara tatu, mara nne, akarudi palepale, sasa anaamini hana nia. Huenda nia anayo, ila njia aliyopewa si yake. Njia nyingine zipo: dawa, daftari, kushuka kidogo kidogo, vikundi vya aina tofauti. Kila moja ina mtu wake, na ukivaa ya mwenzako unaweza kuumia. Kwa hiyo tusianze na kuchagua.

Hatua ya 1: Jua mwili wako uko wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoua.

Mimi niliacha ghafla, siku ya Ijumaa, chumbani peke yangu, nikajifungia na ndoo ya maji. Siku ya kwanza jasho na kutetemeka. Ya pili sikulala hata lepe. Ya tatu niliona siafu wakipanda kwenye chandarua, msururu mrefu, nikawa nawapangusa kwa kandambili. Jirani alisikia vishindo, akavunja mlango, wakanipakia kwenye bajaji. Daktari aliniambia kwamba kwa kiasi nilichokuwa nikinywa, kuacha vile kulikuwa hatari kuliko kuendelea kunywa hadi nifike kwake.

Maelezo yake ni haya. Pombe inapunguza mwendo wa ubongo. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo unajibu kwa kukanyaga mafuta ili uende sawa na breki hiyo. Ukiondoa breki ghafla, mguu bado uko kwenye mafuta. Saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho huja jasho, kutetemeka, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Kati ya saa 6 na 48 mtu anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuwa nacho maishani. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, hupata homa, huona wasivyoona wenzao. Hapo mtu hufa. Vijana wa mtaani huiita arosto na kuicheka. Arosto ya pombe ni moja ya chache zinazoweza kuua kwa yenyewe.

Jipime kwa maswali manne. Je, umewahi kuona kwamba ilikupasa upunguze? Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema juu ya unywaji wako? Je, umewahi kujisikia na hatia kwa sababu ya pombe? Je, umewahi kuzimua, yaani kunywa asubuhi ili mwili utulie? Ndiyo mbili zinatosha kukufanya uende kupimwa vizuri. Zahanati nyingine wanatumia kipimo kirefu cha Shirika la Afya Duniani chenye maswali 10 na alama 40: kuanzia alama 8 unywaji wako una madhara, kuanzia 20 kuna dalili kwamba mwili umeshategemea.

Usiache peke yako kama unazimua kila asubuhi, kama umewahi kuanguka kifafa au kuona maruweruwe ulipokosa pombe, kama una mimba, kama macho yamekuwa ya njano au tumbo limejaa maji, au kama huli kabisa ila unakunywa. Hapo njia ya kwanza ni hospitali, na si lazima iwe ya rufaa. Kwa siku kadhaa watakupa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepamu, wakiipunguza kila siku, pamoja na vitamini B1. Hiyo B1 iulizie mwenyewe. Mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo, na akitundikiwa dripu ya sukari kabla ya kuipata, ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Na ukiulizwa unakunywa kiasi gani, taja kiasi kamili. Ukisema "bia mbili tatu" kwa aibu, utapewa dozi ya mtu wa bia mbili tatu.

Hatua ya 2: Daftari, wiki moja, bila kubadili kitu

Kama hauko kwenye kundi hilo la hatari, usiache bado. Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Kwa siku 7 kunywa kama kawaida yako, ila andika: saa ngapi, wapi, na nani, nini kilitangulia, kiasi gani, shilingi ngapi.

Kiasi kinahitaji hesabu kidogo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Kichupa cha kinywaji kikali cha mililita 200 chenye asilimia 40 kina takriban gramu 63, yaani bia tatu na ushee, na kinakaa kwenye kiganja. Ndiyo maana viroba vilimaliza watu kimyakimya hadi Tanzania ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017: kimoja cha mililita 100 kilikuwa bia moja na nusu, na dereva alimeza vitatu kabla ya gari kujaa. Mbege, ulanzi, busaa na mnazi nguvu yake hubadilika kila siku ya kuchacha, kwa hiyo hesabu kwa chombo chako kilekile.

Gongo na chang'aa usihangaike kuzihesabu. Aliyepika mwenyewe hajui kilichomo. Novemba 2000 kumikumi, pombe kali ya magendo, iliyokuwa na methanoli iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi, na wengine wakapofuka. Ukinywa kisha macho yakaona ukungu, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kulala.

Daftari langu lilinionyesha kitu nisichokitarajia. Nilijidai nakunywa kwa msongo wa kazi. Lakini siku za kazi ngumu nilikunywa kidogo. Nilichapa mtungi siku za mshahara, siku za misiba, na kila Jumapili kati ya saa 9 na saa 12, muda ambao sikuwa na pa kwenda. Tatizo langu kubwa lilikuwa Jumapili mchana. Wewe lako utalikuta humo humo, usiliazime kwangu.

Hatua ya 3: Kuacha kabisa au kupunguza?

Huu ndio ugomvi mkubwa wa wataalamu, na kisa kimoja kinausimulia vizuri. Mwaka 1994 Mmarekani Audrey Kishline alianzisha chama cha watu waliotaka kupunguza badala ya kuacha: idadi ya glasi kwa siku, siku kadhaa za wiki bila kunywa, na mwezi mzima wa kukaa kavu mwanzoni. Januari 2000 alitangaza kwamba yeye binafsi ameshindwa kupunguza na anahamia kuacha kabisa. Machi mwaka huohuo aliendesha gari akiwa amelewa, akagongana na gari jingine na kuua baba na binti yake. Wapinzani wa kupunguza wakasema mnaona? Wa upande wa pili wakajibu: alipogonga, alikuwa ameshahamia kwenu.

Mimi nasoma kisa hicho hivi. Kupunguza kunamfaa anayekunywa vibaya lakini mwili wake bado haujafungwa: hazimui, anaweza kukaa siku nne kavu bila kutetemeka. Aliyekwisha kuzimua kwa miaka akisema atakunywa mbili tu, anajidanganya. Nilijidanganya hivyo miezi minane. Mbili zilikuwepo kweli, ila zilikuwa za kwanza.

Mtihani ni rahisi: siku 30 kavu, baada ya kuhakikisha hatua ya 1. Ukizimaliza bila kuhesabu dakika, unaweza kujaribu kupunguza. Ukishindwa ndani ya wiki, jibu umelipata.

Hatua ya 4: Kushuka kidogo kidogo

Kuna ambaye anazimua na hospitali iko mbali, au foleni yake ni ya wiki mbili. Huyo asiache ghafla wakati akisubiri, ashuke. Kipimo kinachotumika sana ni kupunguza sehemu moja ya kumi kila baada ya siku 4. Ukitokwa jasho jingi au mikono ikirudi kutetemeka, simama hapo ulipo siku kadhaa, usishuke. Unayekunywa bia 10 unakwenda 9 kwa siku 4, kisha 8. Aliye kwenye vikali ahamie kwanza kwenye bia ya gramu zilezile, maana bia inahesabika na inachelewesha mkono.

Hapa lazima awepo mtu wa pili anayeshika mzigo. Kwangu alikuwa dada yangu mkubwa: kreti ilikaa kwake, nikawa napewa zangu saa nilizoandika. Ilikuwa aibu, mtu mzima kupewa bia kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Lakini bila dada ningeshuka Jumatatu na kupanda Jumatano. Kula ugali na supu hata kama hutaki, maji mengi, na B1 ya vidonge ipo madukani kwa bei ndogo.

Wapo wanaosema kushuka polepole ni kulea dhambi. Si sehemu yangu kufundisha dini, ila kwenye Kurani yenyewe katazo la kileo lilikuja kwa awamu: kwanza madhara yake yakatajwa kuwa makubwa kuliko manufaa (2:219), kisha wakakatazwa kukaribia sala wakiwa wamelewa (4:43), ndipo likaja katazo kamili (5:90).

Hatua ya 5: Dawa ambazo wengi hawajaambiwa

Hili linaniuma kuliko yote. Nilizunguka miaka kabla ya mtu yeyote kunitajia kwamba kuna vidonge vya uraibu wa pombe, wakati kimoja kimekuwepo tangu miaka ya 1940. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza viwili, naltreksoni na akamproseti, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwetu vinapatikana kwa shida, zaidi miji mikubwa, na kwa cheti cha daktari. Andika majina, nenda nayo kliniki ya afya ya akili, uulize.

Naltreksoni hufunga milango ya ubongo ambayo pombe hupitia kuleta raha. Unakunywa, unalewa, lakini ile "ahaa" haiji. Kwa kawaida ni kidonge cha miligramu 50 kila siku. Mtafiti John David Sinclair, Mmarekani aliyefanya kazi Ufini, alikuwa na matumizi tofauti: usimeze kila siku, meza saa 1 kabla ya kunywa, kila unapokunywa, na usinywe kamwe bila kukimeza. Hoja yake ni kwamba ubongo ulijifunza pombe kwa raha, basi na unywe bila raha hadi usahau. Kama mbwa aliyezoea kurushiwa mfupa kila kengele ikilia: endelea kupiga kengele bila mfupa, mwishowe hainuki. Huchukua miezi, na wataalamu hawajaacha kubishana iwapo ni bora kuliko ya kila siku. Ninachokipenda ni kwamba inampokea mtu ambaye bado hajaweza kuacha. Tahadhari moja isiyo na mjadala: asimeze anayetumia tramadoli, kodini, mofini au methadoni, ataangushwa na arosto kali papo hapo. Na ini lipimwe kwanza.

Akamproseti ni ya aliyekwisha kuacha. Hutuliza ule mguu uliobaki kwenye mafuta. Humezwa mara tatu kwa siku, na figo ndizo zinazopimwa. Inamfaa mwenye ini lililochoka.

Disulfiramu ndiyo ya zamani. Wadenmaki Jens Hald na Erik Jacobsen waliijaribu kwenye miili yao wakitafuta dawa ya minyoo, wakagundua kwamba kila wakionja kileo wanaugua: uso kuwaka, moyo kugonga, kutapika. Ni mlinzi wa mlangoni, haiondoi hamu. Inafanya kazi pale ambapo mtu mwingine anashuhudia ukimeza kila asubuhi, kwa ridhaa yako, na nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi wiki 2.

Nasisitiza ridhaa. Utaona mabango kwenye nguzo za umeme: "Dawa ya kumwachisha mume pombe bila yeye kujua." Shemeji, mama, usinunue. Hujui unga huo ni nini. Kama ni majani makavu, umetupa pesa. Kama ni vidonge vya aina ya disulfiramu vilivyosagwa, unamtegea mtu mwenye moyo mbovu na siku hiyo atakunywa kama kawaida yake. Mizizi na chai za kusafisha ini siwezi kuzisemea kitu cha maana. Mtu akipona nazo huwa ameacha pia kunywa.

Hatua ya 6: Hamu ni maji ya bahari

Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani aliwafundisha wagonjwa wake kutopigana na hamu bali kuielea. Aliyekulia Pwani hahitaji kueleweshwa: maji hujaa, hufika mwisho wake, hupwa. Hamu nyingi hupwa ndani ya nusu saa usipozilisha. Ikija, tazama saa, iandike. Kaa. Tafuta iko wapi mwilini. Yangu ilikaa kooni na kwenye taya. Sema kimoyomoyo, inapanda, inapanda. Vuta pumzi taratibu. Baada ya dakika 10 andika tena imefika wapi. Mara ya kwanza utaona upuuzi. Mara ya kumi utakuwa na daftari linaloonyesha kwamba haijawahi kukaa saa nzima.

Kabla ya hapo, jiulize maswali manne ya haraka: nina njaa? nina hasira? nina upweke? nimechoka? Mara nyingi sahani ya wali maharage imenitoa kilabuni.

Halafu zoea kukataa ofa kwa mdomo, siyo kwa kujificha. Eldoret, Kenya, watafiti walifundisha wahudumu wasio madaktari kuendesha vikundi vya tiba ya kubadili fikra na tabia kwa Kiswahili, vikao 6 vya wiki, kwa watu wanaoishi na VVU, na unywaji ulipungua. Tiba ya aina hiyo ina zoezi la kuigiza: mmoja anakuwa rafiki mwenye ofa, mwingine anakataa. Fanya nyumbani na mtu. Sentensi iliyonifaa kuliko zote ni "Niko kwenye dozi, kaka." Hakuna mlevi wa Kitanzania anayebishana na dozi. Kwangu ilikuwa kweli tupu.

Na pesa: tengeneza kibubu, weka humo kila siku kiasi kilekile ulichokuwa ukinywa, siyo kilichobaki.

Hatua ya 7: Watu wa kukaa nao

Vikundi vya hatua 12, yaani Alcoholics Anonymous (AA), vilianzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, na mikutano yao ipo Nairobi, Dar es Salaam na kwingine. Jaribu walau mitatu kabla ya kusema si kwako. Kama kusema "sina uwezo juu ya pombe", wanavyosema wao, kunakukwaza, SMART Recovery, iliyoanza 1994, inafanya kazi kwa mazoezi ya fikra na haikutaki ujiite mlevi maisha yote. Women for Sobriety ilianzishwa na Jean Kirkpatrick miaka ya 1970, kwa hoja kwamba mwanamke anayekunywa ameshadhalilishwa vya kutosha, anachohitaji ni kuinuliwa. Mikutano ya vyote viwili hufanyika mtandaoni kwa Kiingereza. Wakenya wana namba ya bure ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya: 1192.

Usipopata lolote, watu watatu wanatosha. Sisi tulikutana Jumapili saa 9, saa yangu mbaya, kwenye kijiwe cha kahawa. Kashata, kahawa chungu, kila mtu anasoma daftari lake. Hakuna mahubiri.

Kwa familia: Mmarekani Robert Meyers aliunda mafunzo ya ndugu wa mnywaji, na kiini chake ni hiki. Akiwa mzima, mpe muda wako, chakula kizuri, maongezi. Akiwa amelewa, jiondoe bila kelele, na usimfanyie usafi wa matokeo: usimpigie bosi kusema anaumwa. Mazungumzo ya matibabu yaanze asubuhi anapojuta, siyo usiku. Kama anakupiga, hilo si la mafunzo haya, ondoka kwanza.

Hatua ya 8: Siku utakayoteleza

Niliteleza mara tano. Hatari haikuwa glasi ya kwanza bali methali iliyokuja nayo: maji yakimwagika hayazoleki. Nikishajisemea hivyo nilimaliza kreti. Marlatt alilieleza jambo hilo: mtu akiona ameshavunja mwiko, hujihukumu, kisha hunywa kwa sababu ya hukumu.

Kwa hiyo andaa mapema, ukiwa mkavu, karatasi moja kwenye pochi. Yangu inasema: simama, lipa, toka nje. Mpigie dada, hata kama ni saa 8 usiku. Usiendeshe. Kula. Kesho andika saa, mahali, na nani, nini kilitangulia. Kama umekunywa siku kadhaa mfululizo, usikate ghafla tena. Rudi hatua ya 1 na ujipime upya, maana arosto ya kila mzunguko huweza kuwa kali kuliko iliyopita.

Ya mwisho kuandikwa kwangu inasema: Jumapili, saa 10.20, arusi, meza ya wajomba, nilikuwa sijala tangu asubuhi. Tangu hapo siendi arusini bila kupitia kwa mama ntilie.